Wiki Saba Bila Kuzikwa

Nilikufa Jumamosi moja saa tisa na nusu mchana, ghorofani juu ya duka la vifungo na zipu katikati ya jiji la Nairobi, kikombe cha chai ya tangawizi kikiwa mkononi. Nilianguka shimoni. Kwa mujibu wa kitabu shimo hilo halikuwa na mwisho, kwa hiyo tukifuata kanuni, hadi leo bado naanguka.

Msishtuke. Ulikuwa mchezo. Ulichezwa na watu wazima wanne wenye kazi zao, mezani, kwa penseli na karatasi na dadu, nao ulikuwa hivi: mmoja wetu ni msimulizi, anaeleza ulimwengu ambao haupo, mapango yake, wafalme wake, mijusi yake inayotembea kwa miguu miwili. Kila mmoja wa wale wengine ana mhusika aliyemwandika kwenye karatasi, nguvu zake kiasi gani, akili zake kiasi gani, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Ukisema unaruka shimo, unarusha dadu. Dadu ikikupenda, umeruka. Isipokupenda, yanakukuta yaliyonikuta. Hakuna mshindi, hakuna zawadi, na hakuna mtu niliyewahi kumweleza mambo haya ofisini ambaye hakuniuliza kama nimefikiria kuolewa.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Nilikaa Waithaka kwa shangazi yangu na nilikuwa sekretari wa wakili mmoja mjini, kazi ya kupiga chapa hati za kiapo kuanzia asubuhi hadi jioni, nusu yake zikihusu mashamba ya watu waliokufa na nusu nyingine watoto wao waliotaka kuuana. Jumamosi tulifunga saa saba. Kuanzia saa nane hadi giza lilipokaribia nilikuwa mwizi. Ndiye mhusika niliyemwandika: mwizi wa kike, mwembamba, vidole vyepesi, hana huruma wala ndugu. Kwa ufupi, alikuwa likizo yangu.

Aliyeniingiza katika balaa hilo ni kitanda. Nilikuwa nimekiagiza Dagoretti Corner, kwenye zile karakana za kando ya Barabara ya Ngong ambako vitanda, makabati na majeneza huanikwa juani pamoja bila kuoneana haya. Fundi aliniahidi Ijumaa. Hakusema Ijumaa ya mwaka gani. Mara ya nne nilipokwenda kugomba nilimkuta ameketi juu ya kitanda changu, kikiwa bado mbao tupu, anasoma. Kitabu kilikuwa kimoja cha vile vilivyotandazwa kwenye magunia kando ya barabara za mjini, ambavyo wauzaji wake waliweza kuvikusanya na kutoweka navyo kabla askari wa jiji hajamaliza kuvuka barabara. Kwenye jalada palikuwa na mwanamume kifua wazi na upanga, na mwanamke aliyemng'ang'ania mguu sijui kwa nini, maana miguu yake mwenyewe ilionekana mizima kabisa. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha njia nzima kutoka Waithaka. Badala yake nikamuuliza kama amefika pale mchawi anapogeuka nyoka. Akasema amefika, na mchawi ni bure kabisa.

Kumbe alikuwa na kreti nzima ya vitabu hivyo chini ya benchi. Vilikuwa vya kaka yake mkubwa. Kaka huyo alipofutwa kazi kiwandani, fundi alimwombea kazi kwa mteja mmoja mwenye malori, akachukuliwa kuwa taniboi, msaidizi wa dereva. Safari ya tatu lori lilivuka mpaka wa kaskazini na halikurudi, wala dereva, wala kaka, wala hata tairi. Hiyo ilikuwa miaka sita kabla ya kitanda changu.

Haya alitueleza mwenyewe, mara moja tu, tulipokuwa tumezoeana, na sote tulijua hayataki kuulizwa tena. Kwao magharibi mtu akipotea na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa kaburini kama yeye, ili mke awe mjane aliyekamilika na boma lipumzike. Wa kuukata ni ndugu anayemfuata, naye ndiye fundi. Kila Desemba wazee walimwita. Kila Desemba alikuwa na kitanda cha mtu cha kumaliza. Shemeji yake alikuwa ameketi miaka sita si mke wala mjane, na mama mtu alikuwa bado anampakulia mwanawe sahani. Fundi hakuwa mjinga, alijua watu hawapotei miaka sita huko kisha wakarudi na zawadi. Lakini panga la kukata mgomba lilikuwa lishikwe na yeye, na kazi ya lori aliiomba yeye.

Tulianza kubadilishana vitabu. Mimi nilikuwa nikivisoma tangu shuleni, nimevificha ndani ya kitabu cha Jiografia, na ujuzi wangu wa Jiografia unaonyesha hivyo. Hadithi ilikuwa moja tu, inabadilishwa jalada. Shujaa hana baba wala mama. Hana mjomba, hana shemeji, hana binamu wa kumpigia simu kuomba nauli. Anaingia pangoni na wenzake sita, wenzake wanakufa mmoja mmoja, yeye anawafumba macho kwa vidole viwili, anasema neno zito, na ukurasa unaofuata anakula nyama na binti mfalme. Maiti zimebaki pangoni. Hakuna anayeuliza ni nani atakayewaambia mama zao. Fundi alipenda kila kitu katika vitabu hivyo isipokuwa hapo. Akifika hapo alikifunga kitabu kwanza, akaenda kupiga randa kidogo, ndipo akarudi kuendelea.

Msimulizi wetu tulimpata kwa sababu ya zipu. Shangazi yangu hushona, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani. Duka lilikuwa la babu wa msimulizi, Mhindu aliyekuja na sanduku moja la vifungo, na sasa lilikuwa la mjukuu, mwanamume wa umri wangu aliyepanga vifungo kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa idadi ya matundu. Siku moja aliona kitabu cha mapanga ndani ya mkoba wangu, akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ananiuzia dawa za kulevya, kwamba binamu yake aliyeko Uingereza alimtumia mchezo miaka miwili iliyopita na hajapata mtu wa kucheza naye. Ndugu zake walicheza karata wakati wa Diwali, basi. Nikamleta fundi. Msimulizi akamleta mwalimu, mteja wake wa vifungo vya sare, aliyefundisha darasa la sita na kuimba besi kwaya ya kanisa. Katika mchezo mwalimu alikuwa kuhani wa mungu wa radi. Ili kuwa upande salama, kila Jumamosi alifungua kikao kwa sala kwa Mungu mwenyewe, tukasema amina, kisha akaenda kuabudu radi.

Tulicheza zaidi ya mwaka mzima kwenye chumba cha juu, katikati ya maboksi. Mama yake msimulizi alituletea chai na chevda, ule mchanganyiko wao wa kutafuna wenye pilipili, akatuuliza mmoja mmoja tunaoa lini na tunaolewa lini, akashuka. Nisipokuwa makini nitasema nilikuwa na furaha.

Siku ya kifo changu hatukuwa na dadu kamili. Ile ya pande ishirini, iliyotoka Uingereza, ilikuwa imebingirika ngazi zote hadi barabarani na kuokotwa na mpita njia, natumaini ilimfaa. Fundi alichonga nyingine kwa kipande cha mvule, kazi safi ajabu, pande zote ishirini na namba zake zimechomwa kwa msumari wa moto. Ilikuwa na kasoro moja. Ilipenda mbili. Ukiirusha mara kumi, tatu au nne zilikuwa mbili. Tulilijua hilo, tukalisamehe, maana huwezi kumwambia mtu kitu alichokuchongea bure kina upendeleo.

Tulikuwa tunakimbia mijusi. Mbele yetu palikuwa na shimo. Fundi, aliyekuwa shujaa wa shoka, aliruka. Kuhani akaruka, akimtaja mungu asiye wake. Mimi, mwizi mwenye vidole vyepesi na miguu myepesi zaidi, nilihitaji tano tu kwenda juu. Nikairusha ile dadu ya mvule.

Mbili.

Msimulizi alifungua kitabu, maana bila kitabu hakuwa anapumua, akatusomea kwamba shimo halina mwisho. Kisha akasoma sura ya kifo, iliyokuwa na aya mbili. Mhusika wako akifa, ilisema, chukua karatasi nyingine uandike mpya, ni kazi ya dakika kumi. Ni wazi iliandikwa na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kamati ya mazishi. Nikachukua karatasi. Nilikuwa na malkia wa mikuki akilini tayari.

"Ngoja," fundi akasema. "Tunamtoa kwanza."

Msimulizi akamwambia haiwezekani, shimo halina mwisho, imeandikwa.

"Hakuna shimo haina mwisho," fundi akasema. "Mimi nimechimba choo."

Tulicheka wote, yeye akacheka pia, na nilidhani ndiyo imekwisha. Lakini aliiokota ile dadu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwa upole kwamba ni yeye aliyeichonga. Kisha akaitia mfukoni. Ningekuwa na masikio ya kusikia ningesikia hapo.

Wiki ya pili alikuja na mchoro. Aliuchora kwenye karatasi ya kaki, kwa penseli bapa ya useremala: miti mitatu imesimamishwa juu ya shimo, roda, kamba, kikapu. Alitaka kujua katika nchi ile kuna mbao gani na kamba zao hubeba uzito gani. Kitabu cha kanuni kilikuwa na bei za farasi na mapanga ya aina kumi na nne, lakini roda hakuna. Msimulizi, aliyependa haki kuliko usingizi, alikwenda kufikiri wiki nzima, akarudi na jibu. Shujaa na kuhani wangeweza kuajiri wanakijiji. Wanakijiji wangeweza kusokota kamba. Basi Jumamosi ya tatu yote ilikwenda kusokotwa kamba. Mijusi ilisahauliwa. Nadhani ilikwenda nyumbani.

Na mimi nilikuwa nimeketi pale. Nieleweni: marehemu alikuwepo kikaoni. Alikunywa chai, alikula chevda, alisogeza kiti ili watu wanaomtafuta waone vizuri mchoro wa kumtafutia. Malkia wangu wa mikuki alikuwa kwenye mkoba, ameandikwa mpaka rangi ya viatu, lakini fundi alisema mgeni hawezi kuingia boma lenye msiba ambao haujaisha, na mwalimu akamuunga mkono kwa aya ya Biblia ambayo mpaka leo sijaiona. Mama yake msimulizi aliuliza kwa nini nimenyamaza. Mwanawe akamweleza kwa Kigujarati kwamba nimekufa. Akanitazama vizuri, akaniongezea chevda.

Wiki ya nne iliundwa kamati. Sikutarajia lingine. Wakenya watatu wakikaa na maiti hata ya kalamu, lazima patokee mwenyekiti. Mwalimu akawa mwenyekiti. Ajenda ya kwanza ilikuwa: akipatikana, atazikwa wapi? Kwao ni wapi? Wakanigeukia, mimi marehemu, na nikagundua kwamba kwenye karatasi yangu sikuandika mahali nilipozaliwa. Nilikuwa nimeandika kwa fahari: hana ndugu. Fundi alisikitika kweli. Mwalimu akauliza kama mwizi wangu aliolewa. Hakuolewa. Basi, akasema mwalimu, kuna tatizo, maana binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake, huwekwa pembeni, karibu na ua. Na boma lenyewe hakuna. Msimulizi akasema kwao mambo ni rahisi, mtu akifa asubuhi, jioni amekuwa majivu, yamekwenda mtoni. Mwalimu alimtazama kama mtu aliyependekeza nichemshwe.

Nilichukia. Nasema wazi. Nilikuwa nimetoka Waithaka, ambako shangazi yangu na kundi lake la maombi walikuwa wananiombea mume kwa zamu, nimekuja mjini kucheza katika ulimwengu wenye majoka na mapango na kuhani wa radi, ili nigundue kwamba hata huko mwanamke asiyeolewa hana pa kuzikwa. Shangazi aliponiuliza siku hizo nakwenda wapi kila Jumamosi nilimwambia mazishini. Akaniuliza ya nani. Nikamwambia bado hawajamaliza mipango.

Wiki ya tano kamba ilishushwa. Haikufika chini. Wiki ya sita wakaunganisha nyingine. Haikufika chini. Msimulizi alikuwa ameanza kuvunjika. Aliniambia ngazini, tukishuka, kwamba kila Jumamosi anataka kusema kamba imefika, amalize, lakini kitabu kimesema, na mara ukianza kudanganya kwa huruma mchezo umekwisha. Nikamwambia mimi ndiye niliyekufa na mimi ndiye ninayechoka. Hatukumtaja kaka wa fundi. Wote wawili tulikuwa tunamfikiria, na hatukumtaja. Ndiyo adabu yetu ya Nairobi: tutamchangia mtu msiba wake mpaka mfuko utoboke, lakini kumwambia jambo usoni, hapana.

Halafu ikaja Jumamosi ya saba. Asubuhi wakili alikuwa amenirudishia kiapo chenye kurasa thelathini kwa sababu ya mstari mmoja. Jiji lilikuwa na ule ubaridi wa Julai unaoingia kwenye mifupa ya vidole. Nilipofika juu, fundi alikuwa ametandaza mchoro mpya, mkubwa kuliko meza. Sasa palikuwa na jukwaa ndani ya shimo, na jukwaa jingine chini yake, na jingine, ngazi kati ya jukwaa na jukwaa, kila ungio limechorwa jinsi litakavyokaa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko kitanda changu. Alisema kwa mpango huu hawatahitaji kamba, watashuka polepole, hata ikiwa ni mwaka mzima.

Mwalimu alitazama saa. Msimulizi aliangalia kitabu chake bila kukifungua. Mimi nikasema.

"Nimekufa. Kila mtu hapa anajua isipokuwa wewe. Kata mgomba uzike, watu waendelee na maisha."

Sitawaambia kwamba ulimi uliteleza. Ulimi wangu hautelezi, huenda unakotaka. Neno mgomba nililichagua. Lilikuwa limekaa mdomoni wiki kadhaa, na nilipolitema nilijisikia vizuri, labda kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja. Kisha nikaona uso wake.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuangalia mchoro kama mtu anayehakiki vipimo, kisha akaanza kuukunja, taratibu, pembe kwa pembe.

"Sawa, sista," akasema.

Aliweka penseli sikioni, akashuka ngazi. Tulimsikia akimwamkia mama yake msimulizi huko chini, naye akimuuliza kwa nini anaondoka bila chai. Mwalimu alisema jina langu tu, kwa ile sauti ya darasani, na hakuendelea. Nilitaka mtu anigombeze. Nilikaa pale nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, na malkia wa mikuki kwenye mkoba.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jumamosi ya tatu sikwenda dukani, nilikwenda Dagoretti Corner, njia nzima nikipanga maneno ya kuomba msamaha, nami hupanga vizuri, ni kazi yangu. Nilimkuta anapiga randa ubao wa saiprasi. Kando yake palikuwa na jeneza ambalo halijawekwa mfuniko. Nikadhani ni la mteja, nikaanza hotuba. Nilifika sentensi ya pili.

"Hii ni ya bro," akasema.

Alisema wazee wameambiwa, siku imewekwa, wiki ijayo Jumamosi. Mgomba atautoa shambani kwa mama, ule wa karibu na jiko, lakini sanduku alitaka kulitengeneza kwa mikono yake, halafu atie ndani suti ya harusi ya kaka na viatu. Vitabu alikuwa amevifikiria akaona mchungaji atapata taabu na yale majalada. Alisema hayo huku akiendelea na randa, na mimi nilisimama kwenye takataka za mbao nikilia mbele ya wanunuzi wa makabati.

"Nimekuja kusema pole," nikasema.

"Najua." Akapuliza vumbi kwenye ubao. "Unaeza nipigia programu? Ile ya kusomwa kwa mazishi."

Nikasema hilo si la kuuliza. Akaniletea karatasi aliyokuwa ameiandika, mwandiko wa fundi, herufi zimesimama wima. Kuzaliwa, ilikuwepo. Shule, ilikuwepo, na namba aliyoshika darasani mwaka mmoja alipofanya vizuri. Kiwanda. Ndoa, watoto wawili. Alipenda kusoma. Kisha neno kufariki, na mbele yake hakuna kitu.

Hapo nikawa sekretari tena, ilikuwa rahisi kuliko kuwa mtu. Nikamweleza kwamba wengine huandika siku mtu alipoonekana mara ya mwisho. Wengine huandika mwaka tu. Au tungeweza kuandika siku lori lilipotarajiwa kurudi.

"Siku ya mwisho kuonekana, ni mimi nilimpeleka kwa lori," akasema. "Hiyo sitaki."

"Basi mwaka."

"Mama anataka siku. Ya kukumbuka kila mwaka." Akaiweka randa chini. "Andika ile Jumamosi."

Nikamuuliza Jumamosi gani. Nilijua ni ipi. Nilimuuliza ili aweze kubadilisha.

"Ile uliongea. Asubuhi nikiamka alikuwa bado yuko. Jioni nikirudi hapa hakuwa."

Jumatatu saa ya chakula niliiandika tarehe hiyo kwenye mashine ya wakili, nikaisoma mara mbili kuhakikisha haina kosa, nikatoa nakala sitini. Tulikwenda wote watatu, msimulizi, mwalimu na mimi. Mchungaji alisimama kando ya kaburi akasoma kuzaliwa, akasoma shule, akasoma kiwanda na ndoa, kisha akaisoma ile Jumamosi kwa sauti kubwa mbele ya boma zima. Shemeji mtu akaitikia kwa kichwa. Mama aliomba siku ile irudiwe ili aishike vizuri, na mchungaji akairudia. Hakuna aliyeuliza tuliitoa wapi.